Bwawa Lenye Paa

Kila nikifungua dawa ya kutibu maji, ile harufu hunirudisha kwenye hoteli moja ya Segera, yenye bwawa la kuogelea ndani ya jengo. Baba alitutoa Sindeni asubuhi, tumevaa nguo za Idi.

Kwetu tulizoea lambo, maji mekundu kwa tope. Ukiona chini, ujue hayakufiki magotini. Ya pale yalikuwa meupe, hata vigae vya chini ungevihesabu.

Mdogo wangu alivua kandambili, akanipa, akasita ukingoni.

“Baba, naogopa.”

“Ingia, mwanangu. Si unaona chini?”

Akaruka. Maji yakamfunika, yakatulia. Baba aliendelea kucheka, akimsubiri asimame.

Nilirudi Sindeni nimeshika kandambili zake, na hakuna aliyeniambia niziweke chini.