Bustani Yenye Vishikio

Harufu ya majivu yaliyolowa hunirudisha hadi leo kwenye kambi ya polisi, mteremko wa Naguru, mbele ya kibanda chetu cha mabati cha mviringo ambacho mchana kiliwaka kama kikaango. Mama alinyunyizia majivu sukuma wiki na dodo, ule mchicha wetu, kufukuza wadudu, kisha akamwagilia maji ya kuoshea mchele. Bustani yake yote iliishi ndani ya vyombo: ndoo zilizopasuka, birika lisilo na mdomo, hata kofia ya chuma kuukuu ya baba, iliyoning'inia kwa ukanda wake. Alivipaka rangi ya bluu iliyobaki walipopaka milango ya ofisi, akavipanga kwa kimo kama gwaride, na jirani akicheka, Mama alimwambia mboga nazo zina haki ya kupendeza. Toboa chini, alifundisha, weka kokoto kwanza, maana mizizi nayo hufa maji. Lakini kanuni yake kuu haikuhusu kilimo. Chagua chombo chenye kishikio, kwa kuwa mke wa polisi huambiwa leo akahama kesho.

Mwaka mmoja baba alipelekwa kaskazini kwa lori, na habari zake zikakatika. Mama alilala na redio sikioni. Mvua zilipoanza akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: alichimba shimo kando ya kibanda, akapanda mche wa pasheni ardhini. Hajati Zaina, mjane wa Kinubi aliyetuuzia mandazi, alisimama na beseni lake kichwani.

"Mama Aber, wewe unapanda chini? Hii udongo ni ya serikali."

"Baba ya watoto anapenda pasheni," Mama alijibu bila kuinua uso. "Atakuta imeiva. Sisi hatutoki hapa."

Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba alikuwa anamfunga baba kwenye mmea ule asipotee. Nami nikaanza kuuombea dua. Kila jani jipya nililihesabu kuwa hatua yake moja ya kurudi nyumbani, na jani likianguka nilikosa hamu ya kula. Mmea ukapanda kamba, ukafika juu ya bati, ukachanua. Matunda ya kijani yalikuwa yameanza kuning'inia walipokuja wanaume wa kazini kwa baba, kofia mikononi, na Mama akaingia ndani kabla hawajafungua vinywa.

Waombolezaji walituambia mvumilivu hula mbivu. Niliwachukia. Haikupita muda msimamizi wa nyumba akaja kusema kibanda kina familia nyingine, na Mama hakuomba kibanda. Aliomba matunda yaive tu.

"Mama, mimi nasikia uchungu," mzee yule alisema akitazama viatu vyake. "Lakini wenyewe wako kwa lori, na watoto."

Mama alipiga magoti akachimba kwa mikono, halafu kwa panga. Mizizi ilikuwa imeshaingia chini ya ukuta, na shina likakatika. Alikaa pale pale akalipakata, akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, na hapo ndipo nilipoamini kwamba baba amekufa. Tulibeba ndoo zote. Yale matunda mabichi tuliyaweka dirishani katika chumba tulichopanga Bukoto, yakanyauka bila kuiva. Tuliyala hivyo hivyo, kila mtu akitazama upande wake.

Sasa nina kiwanja changu, chenye uzio na udongo mweusi. Majirani huja kwa Mama kuuliza siri ya mboga zake, naye huwaambia: toboa, kokoto, majivu, rangi unayoipenda wewe. Siku aliyohamia kwangu nilimwonyesha kona yenye jua.

"Mama, hapa ni kwetu. Panda chini."

Aliuponda udongo kiganjani, akausifu. Jioni nilikuta ndoo zake za bluu zimepangwa kwa kimo juu ya udongo ule mzuri, vishikio vyote vimesimamishwa, tayari kushikwa.