Nukta ya Kwanza ya Likasi

Tik.

Ilikuwa sauti kavu, kama kucha ikigonga kioo. Zéphirin Ilunga anaikumbuka mpaka leo. Ilitoka kwenye kisanduku alichokiunga kwa mikono yake, alasiri ya Jumamosi, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima wa Panda.

"Injenieri," mkewe Adrienne alimcheka kutoka jikoni, "safari hii umetengeneza nini? Panya?"

Mtaani wote humwita Injenieri, nusu kwa heshima, nusu kwa mzaha. Kazi yake ni kutengeneza simu katika kibanda karibu na soko. Furaha yake ni vitu vya ajabu: saa inayokwenda kwa nguvu ya ndimu, taa inayowaka ukipiga makofi. Taa hiyo ilimletea balaa. Kikundi cha maombi kilipokutana kwake, kila pambio liliiwasha na kuizima, hadi mama mmoja akaanguka sakafuni akidhani mbingu zinamjibu. Kila wiki Zéphirin huwatumia rafiki zake habari za mitambo kwenye WhatsApp, na wao humrudishia vicheko.

Mtandaoni ndiko alikoiona ramani. Watu wa nchi nyingi hujiundia visanduku vya kuhesabu mnururisho, ile nguvu isiyoonekana inayotoka katika mawe fulani. Hutuma vipimo vyao, na kila nyumba hugeuka nukta: ya kijani kwa kipimo kidogo, nyekundu kwa kikubwa. Ulaya ilijaa nukta kama mtoto mwenye tetekuwanga. Likasi, mji wao wa Kongo, yenye shaba na kobalti yake, na Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa urani, karibu hivi, ilikuwa nyeupe kama karatasi. Jambo hilo lilimuuma. Alimwagiza Deborah, mfanyabiashara wa Lubumbashi, mrija wa kioo wa kunasia mnururisho, mfupi kama kalamu, akaungoja miezi minne.

Uani kisanduku kililia polepole. Tik. Kimya. Tik. Sebuleni kikaongeza mwendo. Chumbani kikatatarika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji.

Alitoka, akarudi. Chumba kilikuwa kilekile cha asubuhi: pazia la maua, koti la kanisani msumarini, kitanda kilichotandikwa. Hakuna kilichosogea. Lakini kisanduku kilikuwa kama kinazungumza na mtu.

Alituma kipimo. Kesho yake nukta ilitokea, nyekundu, peke yake, juu ya paa lake. Mtu asiyemjua aliandika: "Hakikisha chombo chako ni kizima." Zéphirin akakipeleka sokoni, shuleni, hadi kwenye barabara ya Mulungwishi. Kote kililia polepole. Kilipandwa na wazimu nyumbani kwake tu.

Adrienne hakucheka tena. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mbili zilizotangulia zilikuwa zimetoka. Baada ya ile ya pili, nabii mmoja alimwambia kwamba katika familia kuna mulozi, mchawi. Adrienne akakumbuka kitanda chao cha arusi kilitoka kwa nani: kwa Mama Mbombo, mama yake Zéphirin. Tangu siku hiyo, mwaka na nusu sasa, mama huyo hajakanyaga nyumba ya mwanawe.

"Unasikia?" Adrienne alisema mlangoni, mikono tumboni. "Hata mashine imemujua."

"Mashine haijue mulozi. Inajua mawe."

"Basi jiwe iko wapi? Nionyeshe."

Alikishusha kisanduku taratibu, ukutani, kwenye mto, kisha chini. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa ili masanduku yaingie uvunguni. Miguu mitatu ilikaa juu ya matofali. Wa nne, upande anaolala Adrienne, ulikaa juu ya jiwe jeusi lenye michirizi ya njano kama kiini cha yai kilichokauka. Hapo sauti ziliungana, zikawa mluzi mmoja mrefu.

Alilibeba jiwe lile kwa koleo hadi mwisho wa kiwanja, akalifukia. Aliporudi chumbani: tik. Kimya. Tik.

"Na watoto wangu wawili?" Adrienne aliuliza.

"Hiyo chombo haisemi. Sijui."

"Mama yako alijua?"

"Nitamuuliza."

"Muulize," alisema. "Lakini enda na mashine."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alipanda baiskeli hadi Kikula. Mama Mbombo alikuwa ameketi kitandani, sinia la maharage mapajani, anachambua.

"Papa yangu, mwana yangu, umekonda! Adrienne anakupikia simu?"

Zéphirin alitaka kucheka. Lakini mfukoni mwake kisanduku kilianza kutatarika. Mama akaacha maharage. Aliutazama mfuko ule, kisha uso wa mwanawe.

"Nilisikia habari ya hiyo mashine. Banakutuma unipime," alisema. "Haya, pima. Ukiona niko mulozi, uniambie weye mwenyewe, si nabii."

Alikitoa mfukoni. Akakinyoosha mbele ya kifua cha mama, na sauti haikupanda. Akainama. Ikapanda. Akapiga magoti, akainua shuka, na pale kwenye mguu wa kitanda, upande wa kichwani, aliliona: jiwe jeusi, lenye michirizi ya njano, upande mmoja limepasuliwa.

"Ah, hiyo?" Mama alitabasamu. "Papa yako ndiye aliitoa kule Shinkolobwe alikuwa anachimba. Akaipasua, nusu yetu, nusu ya arusi yako. Alisema jiwe nzito inashika ndoa, haiteleze." Akakohoa, akaziba mdomo kwa kitenge. Zéphirin alikijua kikohozi hicho. Ndicho alichokisikia ng'ambo ya ukuta miaka miwili, kabla ya kumzika baba yake.

Alizima kisanduku. Chumba kikanyamaza, lakini masikioni mwake hesabu iliendelea, na sasa alijua mahali pa nukta ya pili ya Likasi. Alichukua sinia, akaliweka sakafuni, akamshika mama yake mkono, na kumwambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama, inuka. Leo utalala kwetu."