Matangazo ya Saa Sita

Baba yangu alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na mengi aliyatoa akiwa ameinamia ubao wa dama. Tulikaa Kasuku, mtaa mmoja wa mji wa Kindu. Kete zake zilikuwa vifuniko vya chupa za bia, yeye Mwislamu ambaye bia hakuijua hata harufu, na mama alikuwa akimtania kwamba siku ya kiyama ataulizwa chupa zenyewe ziko wapi.

Mwenzake wa dama alikuwa fundi cherehani, jirani yetu. Siasa waliizungumza kwa sauti ya chini, maana enzi zile chama kilikuwa kimoja na masikio yake mengi. Nakumbuka baba akisema, "Mu dama, kila muntu anacheza kwa zamu yake. Mu inchi yetu, muntu moja njo anacheza pande zote mbili, na sisi tunapiga makofi." Fundi alicheka mpaka akavuruga kete.

Kwa sauti kubwa walijadili redio tu. Baba aliisifu: habari iliyokuwa ikimaliza wiki njiani kutoka Pangi, sasa inafika kabla wali haujaiva. Mama alisema redio haina adabu, inatangaza msiba na papo hapo inapiga muziki. Mimi nilikuwa upande wa baba. Nilikuwa msichana, na nilipenda ule muziki.

Lakini mwenye kuihitaji redio mwaka ule alikuwa mama. Mama yake mzazi aliugua huko Pangi, ng'ambo ya mto, na kila siku saa sita redio ya mkoa ilisoma matangazo ya watu: fulani amefika salama, fulani ni mgonjwa, fulani hatunaye tena. Betri zilikuwa adimu. Mama alizianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo, na ole wake atakayewasha redio kabla ya wakati.

Siku ile baba na fundi walimsikilizia barazani, kwa sababu mama na mimi tulikuwa nyuma ya nyumba tukitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na mchi ukishaanza husikii kitu kingine. Mama alipotokea kuuliza, alikuta redio imezimwa.

"Betri zimekufa," baba akasema.

"Zimekufa! Mulisikiliza muziki yenu, ee?"

"Utusamehe, mama. Pika, tukule."

Fundi alikuwa tayari juu ya baiskeli yake, na dama imeachwa katikati. Sikuwahi kuwaona wale wawili wakiacha mchezo bila mshindi. Mama alipika huku akinung'unika, akala huku akinung'unika. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno, alimsogezea mboga tu.

Tulipokwisha kunawa mikono, fundi alirudi na ami yake mama, mzee aliyekaa Mikelenge, mtaa mwingine wa mji wetu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: habari ya msiba hapewi mtu mwenye njaa, tena hapewi na mume wake. Anaambiwa na damu yake, akiwa ameketi na ameshiba. Mzee akakaa mkekani, akamwambia. Mama yake amefariki alfajiri. Na ingawa sisi Waislamu hatupendi kumkawiza maiti, watu wa Pangi walisema watamngoja binti yake mpaka kesho asubuhi, ndipo wazike.

Mama alilia sana. Kisha akamgeukia baba ghafla.

"Walitangaza saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na lori ya Pangi?"

Sote tulijua. Lori la Pangi lilivuka mto kwa pantoni kila siku saa saba, na jingine halikuwapo mpaka kesho. Tulipokuwa tukitia tonge kinywani, lenyewe lilikuwa limeshafika ng'ambo.

"Nilitaka ukule kwanza," baba akasema. "Njo desturi yetu."

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Redio ilikuwa imefanya kazi yake. Sisi ndio tuliochelewesha habari, kwa upole wetu.

Mama alivuka kwa mtumbwi alasiri ile ile, asilale upande wetu wa mto. Alipata lori kesho yake, akafika Pangi jioni. Walikuwa wamemngoja kupita saa waliyoahidi, mpaka wazee wakasema imetosha. Alikuta udongo bado mbichi.

Alirudi Kindu baada ya arobaini. Tulikuwa tukimwogopa, baba kuliko sote. Hakugomba. Alitua mzigo wake, akanywa maji, akaketi mbele ya mumewe.

"Siku ingine uniambie na njaa yangu," akasema. "Nikianguka, utaniinua."