Njuki Hashiki Spana

Siku ya mtihani Njuki hutia mikono mfukoni, na wasiomjua humwona ana maringo. Mwaka wa kumi na tisa huu anafundisha mafundi wa friji kutambua ugonjwa wa mashine, na sharti lake ni moja: mwanafunzi akishaanza, mwalimu hasemi wala hashiki spana. Kuna waliomwita mchawi kwa sharti hilo. Yeye hucheka tu.

Asubuhi hiyo hakucheka. Alikuwa amempeleka mwanafunzi wake Kendi, mama wa watoto wawili kutoka Kianjokoma, kwenye kituo cha maziwa cha ushirika mmoja nje ya Runyenjes. Tangi la kupozea lilikuwa limeanza kusumbua, na ndani mlikuwa na lita elfu mbili za maziwa. Kipimo kilisoma digrii nane. Kikipita kumi, lori haliyachukui, na jasho la wakulima mia tatu linamwagwa mtaroni.

Kompresa, pampu inayosukuma gesi ya kupoza, ilinguruma dakika tatu, ikazima. Ikapumzika, ikanguruma, ikazima tena.

Njuki alikuwa ameshajua. Gesi imevuja, iongezwe, mambo yaishe. Mlio ule ameusikia tangu ujana wake.

Kendi hata sanduku la vifaa hakulifungua. Alivuta ndoo, akaketi, akaanza kuuliza. Ilianza lini? Nani hufika hapa kwanza?

"Huyu anahoji watu kama polisi na maziwa yanaharibika," Kivuti, meneja, alimnong'oneza Njuki. "Mwalimu, si uingie wewe mwenyewe? Mtihani atafanya siku ingine."

"Mpe dakika, bwana meneja."

Digrii tisa. Njuki alihisi aibu na woga pamoja, maana maziwa hayakuwa yake kuyafanyia majaribio. Akajiwekea mpaka: ikifika tisa na nusu, atasema, sharti lifie mbali.

Kendi akamgeukia Karimi, mama anayeosha mitungi. "Mami, wiki hii kuna kitu kimebadilika hapa?"

Karimi alimtupia meneja jicho, akainamisha kichwa. "Hakuna."

Tisa na robo. Kendi hakubishana. Alimshika mkono wakatoka wawili tu, wakasimama nyuma ya ukuta, pale feni ya mashine inapopuliza hewa moto. Njuki aliwafuata kwa mbali, ulimi ukimwasha.

"Mimi pia ni mama," Kendi alisema polepole. "Sitamwambia mtu akufute kazi. Niambie tu."

Karimi akavuta pumzi. "Maharagwe yangu yalinyeshewa. Huu upepo unakausha vizuri. Nikaona nipepetee hapa hapa. Siku nne sasa."

Kendi alizunguka nyuma ya mashine, akapiga magoti. Makapi ya maharagwe yalikuwa yamevutwa na feni yakaziba vile vibati vyembamba vya kutolea joto, yakashikana mpaka hewa haipiti. Mashine ilikuwa inajizima isiungue. Kendi akazima umeme, akaomba brashi na mpira wa maji. Karimi ndiye aliyeshika mpira.

Walipowasha tena, dakika tatu zilipita. Zikapita tano. Kumi. Haikuzima. Kipimo, kilichokuwa kimepanda hadi tisa na nusu wakiosha, kikasita, kikaanza kushuka.

Kivuti aliukamata mkono wa Njuki kwa mikono yake yote miwili. "Mwalimu, umetuokoa."

Gesi ikiongezwa kwenye mashine iliyozibwa, kompresa inakufa palepale, na Njuki, kabla Karimi hajasema, alikuwa amebakiza robo digrii tu aongee.

"Kendi," aliita. "Leta kitabu cha darasa. Andika: mwalimu alidhani ni gesi."

Kendi alishika kalamu bila kuandika. Kumwandika mkubwa hivyo kulikuwa vigumu. "Mwalimu, hukusema chochote. Hakuna aliyesikia."

"Andika na jina langu."