Kikomo cha Mabaraza Mawili

Masika ya Mji Mkongwe yana harufu yake: chokaa iliyorowa, kahawa, na viatu vya ngozi vilivyokataa kukauka. Maji yakijaa kichochoroni tulikuwa hatukanyagi chini. Tukipita juu ya mabaraza ya mawe yaliyo mbele ya milango, nyumba hadi nyumba, kama kuku juu ya ukuta. Baraza letu lilipanda kidogo kidogo mpaka likakatikia kwenye mfereji. Ng'ambo ya mfereji likaanza la jirani yetu, Bi Mwanakheri, likishuka taratibu kwenda zake. Katikati pengo, na maji ya paa yanamwagika humo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini dada yangu Salha alikuwa sekondari, na hesabu zikamkaba koo. Baba alishasema, bila kupandisha sauti, "Ukianguka tena mtihani, utakwenda Bububu kwa shangazi yako ukasaidie kazi za nyumba." Salha hakulia. Alikaa mlangoni na chaki, anachora sakafuni mstari wa vipande viwili, kila kipande na kanuni yake. Pale vinapokutana, tundu tupu. Akiulizwa kikomo chake hapo, yaani kimo mstari unachokikaribia, kila akijibu hakipo, mwalimu anamkosesha.

"Kwa nini kisiwepo?" nkamuuliza.

"Kwa sababu hapo hapana kitu, bwege we."

Mie shuleni somo nlilolijua vizuri ni kengele ya kutokea, basi nkapanda zangu baraza niende dukani. Nlipofika ukingoni akaniita.

"Asha, simama hapo hapo."

"Naam."

"Rudi nyuma, uje tena polepole."

Akashuka majini na gauni lake, akapima unyayo wangu ulipofikia: sawa na kiuno chake. Akanirukisha mfereji, maji ya paa yakinimwagikia, nije kutoka upande wa Bi Mwanakheri. Unyayo ukafikia kiuno kile kile. Mtaka cha mvunguni huinama, wanasema. Salha alikitaka yeye, nkarowa mie.

Bi Mwanakheri akafungua dirisha. "Nyie watoto, mnalipima baraza langu mnataka kulinunua?"

"Shikamoo, Bi Mwanakheri. Tunatafuta kikomo."

"Marahaba. Mtakiona mama yenu akirudi sokoni."

Salha hata hasikii. "Kushoto unafika hapa, kulia unafika hapa hapa. Pengo halina neno. Kikomo kipo." Akanyoosha kidole kwa fundi cherehani, ambako baraza moja liko juu na la pili chini kabisa. "Pale ndo hakipo."

Mtihani akapasi. Baba akasoma majibu mara mbili, akaomba chai.

Siku hizi mabaraza yale yamejaa vinyago vya watalii, watoto wanapita majini. Salha ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na akija kutusalimia, Baba, mkongwe sasa, humsimamisha kila mpita njia: "Mwalimu huyo, binti yangu. Mie ndo nliyemshikilia asome." Mie na Salha hutazamana, tukammiminia chai nyengine.