Tanboi wa Gari ya Theluji

Nilidanganya kwamba nimesoma riwaya ambayo haiko duniani. Huo ndio upumbavu wenyewe, nimeutanguliza ili usinikatize baadaye. Yaliyofuata yalitokea kweli, hapa hapa Kariandusi, na kama huamini njoo ushike mikono ya Barasa.

Kwanza ujue mimi si mwoga wa vitu vyeupe. Baba zetu wanachimba yale mawe laini meupe, na jioni wanarudi wamekuwa weupe wote kuanzia nywele hadi kope. Unaweza kumkimbilia jirani ukidhani ni baba yako, ukala kofi la bure. Mtoto aliyelelewa katikati ya mizimu namna hiyo utamtisha na nini?

Sasa, Barasa. Tuko darasa moja. Baba yake ni dereva wa meneja wa machimbo, na mke wa meneja akimaliza riwaya humpa. Zote ni za magari, sijui kwa nini. Pengine yule mama anatafuta njia ya kutoroka. Mwezi wa saba, baridi ikishuka kutoka Gilgil na mpira hauchezeki, vijana wote hujazana jikoni kwa kina Barasa, naye anasoma Kizungu na kutufasiria. Tena anagawa ushauri kama daktari. Wewe unapenda lori? Chukua ile ya ndugu wawili waliopeleka chumvi jangwani. Unapenda gari ndogo? Basi ile ya mkunga aliyevuka theluji na breki mbovu. Tukamwuliza theluji ni kitu gani, akasema ni kama vumbi letu, ila ni baridi, na ukiishika inageuka maji.

Kabla ya hizo riwaya, mtu wa kusikilizwa Kariandusi nilikuwa mimi. Nilikuwa nikikohoa tu, watu wanacheka. Sema kweli, wewe ungevumilia? Niliketi pale nikinywa chai ya mama yake, na kila kicheko alichopata nilikihesabu kimetoka mfukoni mwangu.

Jioni moja nikawaambia hizo zote ni za watoto, kuna moja nimeazimwa na mtu wa Naivasha. Nikaitunga papo hapo: gari nyeusi ya taa moja, viti vya ngozi nyekundu, dereva mwenye theluji mabegani, anapanda mlima usiokwisha. Jiko zima likanigeukia mimi. Lo, utamu wake! Mpaka Barasa, bila hata kuinua kichwa, akauliza, "Na akisimama kwa mlima, nani anamwekea jiwe?"

Umeziona lori zinazopanda hapa kwenda Gilgil. Injini ikichoka, tanboi anaruka chini na kutia jiwe nyuma ya gurudumu, la sivyo mzigo na dereva wote wanarudi bondeni. Dereva wangu nilikuwa nimempandisha peke yake. Wakaanza kunicheka. Nikajibu kwa hasira, "Tanboi wake anamngoja mbele. Hapa hapa Kariandusi."

Kesho yake mama akanituma mafuta ya taa dukani, kando ya barabara kuu. Nikirudi, jua likiwa linazama, ukungu ulikuwa umefunga hata sioni vidole vyangu vya miguu. Nikasikia gari inapanda kwa gia ya kwanza, inakohoa kama mzee. Ikatokea taa moja.

Nilitaka kukimbia. Kabla sijageuka, gari ilisimama ubavuni mwangu, nyeusi, na dereva akashusha kioo. Mabegani alikuwa na kitu cheupe. Nikajiambia, huyu naye ni wa machimboni. Halafu kipande kikadondoka mkononi mwangu, kikaniuma kwa baridi, kikawa maji.

Akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka sana, "Wewe ndiye wa jiwe?"

Nikasema, "Hapana, bwana. Ni Barasa. Nyumba ya mwisho, mlango wa bluu."

Usiseme ni woga tu. Woga ungesema hapana ukanyamaza. Lile jina lilikuwa limekaa ulimini tayari, linangoja wa kulichukua. Dereva akaitikia kwa kichwa. Gari ilipoanza kusogea nikaona vile viti, vyekundu kama nilivyovitunga, na hapo, wallahi, nilitaka kuiita irudi.

Usiku huo Barasa hakuonekana. Asubuhi wachimbaji walimkuta juu kabisa ya mlima, ameketi kando ya barabara, nywele zimelowa, jiwe limo mapajani. Mama yake alilia hadi sauti ikakauka. Barasa mwenyewe aliuliza tu kwa nini wamemrudisha.

Tangu siku hiyo mikono yake haipati joto. Mpe kikombe cha chai kinachochemka, kitapoa kabla hajakifikisha mdomoni. Na kila ukungu ukishuka hayumo kitandani. Baba yake amechoka kufunga mlango. Lakini ubaya wenyewe ni huu: anajua mwisho wa riwaya yangu. Mimi niliyeitunga siujui. Amewasimulia vijana wote, na mimi nikiingia jikoni ananyamaza, ananikaribisha chai.

Kwa hiyo wewe mpenda magari, baridi ikiingia, soma kitabu kilichopigwa chapa, chenye jalada mbele na nyuma. Soma cha wale wa chumvi. Soma cha mkunga. Usijitungie chako ili umshinde mtu, na ukiulizwa jina barabarani, taja lako.

Juzi nilishindwa kuvumilia, nikamweleza mama yote huku nikilia. Alisonga ugali mpaka ukaiva, akaufunika, akaniangalia miguuni.

"Nimeona siku hizi unalala umevaa viatu vya kanisa," alisema. "Vua. Hiyo gari haikuji kukuchukua wewe."