Sketi ya Bluu Katika Blanketi la Vipande

Mama alifariki mwaka mmoja baada ya baba, na mkubwa nilikuwa mimi. Niliacha shule nikiwa darasa la sita ili nilime mpunga Mwamkulu na wadogo zangu wawili waendelee kusoma. Sketi yangu ya shule, ile ya bluu iliyokolea, niliikunja nikaiweka chini kabisa ya sanduku la mama. Hakuna aliyeniambia niitunze.

Shanwe, tulikokuwa tukiishi, kulikuwa na mama mmoja fundi wa nguo. Barazani kwake palikuwa na cherehani mbili, na moja haikuwa na mtu. Nilikwenda kumwomba anifundishe. Hakunikubalia wala hakunikatalia. Alinijazia mfuko wa vipande vilivyobaki mezani kwake, akasema, "Kanishonee blanketi la vipande, kwa mkono. Likinipendeza, utakaa kwenye ile cherehani."

Niliitaka ile cherehani kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Nilimwaga vipande mkekani, uani. Vitenge vyekundu, vitenge vya manjano, satini ya pinki ya nguo za harusi. Na kwa kuwa ilikuwa Januari, vipande vingi vya sare, vya bluu. Hivyo vya bluu nilivisogeza pembeni. Halafu nikaongeza changu: pindo la kitenge cha kijani cha mama, ambacho shangazi waliniachia walipogawana nguo zake baada ya matanga. Nikapanga. Chekundu kando ya manjano, manjano kando ya pinki, kila kinachong'aa karibu na mwenzake. Niliona nimepamba bustani.

Mdogo wangu wa kike alirudi shuleni akiwa bado na sare. Akasimama juu ya mkeka, kichwa ameinamisha upande, kama mama alivyokuwa akitazama mchele kabla ya kuununua.

"Dada, vyote vinapiga kelele kwa pamoja."

Akachuchumaa, akachukua vipande viwili vya sare, akaviweka pande mbili za kile cha mama. Hakufikiri hata kidogo. Kijani cha mama kikainuka pale mkekani, nikakumbuka kiuno chake akitwanga. Niliona. Siwezi kusema sikuona.

"Toa," nikamwambia. "Hapa si darasani, mwalimu."

"Nyie mlioacha shule mna hasira!" akasema, akicheka, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Ulikuwa utani tu. Lakini nilizoa vipande vyote vya bluu nikavitupa chooni. Daftari lilikuwa lake, viatu vya shule vilikuwa vyake, na sasa hata vitambaa vilimtii yeye.

Nilishona wiki tatu, kila nikitoka shambani. Mama fundi alilikunjua blanketi barazani, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Mkono unao. Mshono umenyooka kama reli." Kisha akarudi nyuma hatua mbili. "Lakini mwanangu, rangi hizi zote zinaongea, hakuna inayosikiliza. Kafumue."

Maneno yale yale ya mtoto wa darasa la tano. Nilitembea hadi nyumbani nimebeba blanketi kichwani, na njia nzima sikumchukia mama fundi. Nilimchukia mdogo wangu.

Nilifumua. Nikajaribu kaki, nikajaribu nyeupe, rangi zikawa kama zina homa. Ilitakiwa bluu. Na msimu wa sare ulikuwa umeshapita, barazani hapakuwa na hata uzi wake.

Jumamosi moja nilifungua sanduku. Sketi ilikuwa bado na alama ya wino mfukoni. Niliikata haraka, kama mtu anayemchinja kuku aliyemfuga mwenyewe, kisha nikamwita mdogo wangu.

"Nipangie."

"Si ulisema hapa si darasani?" Halafu akakiona kile kipande chenye wino, akakigusa kwa kidole. Akapanga vyote. Alimaliza hata chai ya kwenye jiko haijachemka. Mimi nilisimama nyuma yake nikitafuta kosa. Sikupata.

Mama fundi alipolikunjua mara ya pili, alirudi nyuma zile hatua mbili.

"Nani amepanga?"

Neno "mimi" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza.

"Mdogo wangu. Nimeshona mimi."

"Kaa hapo," akasema, akinionyesha ile cherehani. "Na huyo mdogo wako, kwa nini hukuja naye..."

"Anasoma," nikamkatiza. "Yeye anasoma, mama. Hana nafasi."

Mama fundi alinisifu kwa wateja kwamba mimi ni dada wa kweli, ninalinda masomo ya mdogo wangu. Nami nilikuwa nikiyalinda, nilimsomesha kwa cherehani ile mpaka mwisho. Lakini siku ile sikumkatiza mama fundi kwa sababu ya masomo. Kiti kitupu kilikuwa kimoja, na sikutaka yale macho ya mdogo wangu yafike barazani.

Blanketi mama fundi alinirudishia, na alikwenda nalo mdogo wangu alipochaguliwa kuingia sekondari ya bweni. Nililikunja mwenyewe, upande wenye wino ukiwa ndani.